Taa ya Kina Kirefu: Shajara ya Kubadilisha Taa ya Bwawa, Jambiani, Machi 2025

Jumatatu, 10 Machi

Taa ya upande wa kina kirefu ilizimika jana usiku, baada ya siku tatu za kufifia na kurudi. Hii ni mara ya tatu kwa taa hiyohiyo katika muda wa miaka miwili. Mara mbili zilizopita ilibadilishwa balbu, ikawaka, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Balbu ya mwisho ilitiwa mwezi wa Septemba, kwa hiyo imedumu miezi sita tu, ilhali taa ya upande wa kina kifupi, yenye nguvu ileile na iliyofungwa wakati mmoja na hii, haijawahi kuguswa. Ndiyo sababu nimefungua shajara hii. Safari hii sitatia balbu mpya kabla ya kujua maji yanaingilia wapi, na atakayeshika kazi hii baada yangu atakuta maandishi, kwa kuwa mimi sikukuta hata mstari mmoja.

Bwawa lenyewe si kubwa: urefu mita 8, upana mita 4, katika nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka ufukweni. Maji yake ni ya kisima yaliyotiwa chumvi, gramu 3 hivi kwa kila lita, ili mashine itengeneze klorini kutokana na chumvi hiyo. Bahari iliyo mbele yetu ina gramu 35 kwa lita, na kwa hiyo anayeogelea bwawani haihisi chumvi sana ulimini. Lakini shaba na chuma huihisi vizuri, hasa mahali ambapo aina mbili za madini zimegusana.

Taa zote mbili ni za balbu aina ya PAR56, wati 300, volti 12. Hiyo 56 ni kipimo cha kipenyo kwa sehemu za nane za inchi, yaani inchi 7 kamili, karibu milimita 178. Kila taa imekaa ndani ya kikombe cha plastiki kilichojengewa ukutani, kitovu chake kikiwa sentimita 50 chini ya uso wa maji. Wengi hudhani kwamba kikombe hicho hukaa kikavu. Sivyo: kimejaa maji wakati wote, na maji hayo ndiyo yanayoipoza balbu, ndiyo maana taa ya namna hii haiwashwi ikiwa nje ya maji hata kwa majaribio, kwani kioo na mpira wake huharibika kwa joto katika muda mfupi. Vinavyotakiwa kubaki vikavu ni ndani ya taa yenyewe na ndani ya kebo yake.

Kabla ya kugusa kitu chochote nilikwenda chumba cha pampu, ambako zimefungwa transfoma mbili, moja kwa kila taa, nikabonyeza kitufe cha majaribio cha kile kikata umeme cha miliamperi 30 kinacholinda transfoma hizo pamoja na pampu, kwa kukata umeme mara unapovuja. Hakikukata. Nilikibonyeza tena, kisha mara ya tatu, na pampu ikaendelea kunguruma kana kwamba sijafanya lolote. Nikazima swichi kuu ya chumba, nikaifunga kwa kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu.

Jambo hili limenishtua kuliko taa iliyozimika. Katika maji mwili wote umelowa, na ngozi haina tena ule ukinzani unaotuokoa tukigusa waya nchi kavu. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60364, katika sehemu yake ya 702 inayohusu mabwawa, hairuhusu ndani ya maji zaidi ya volti 12 za mkondo geu, zitokazo kwenye transfoma inayotenganisha kabisa pande zake mbili. Lakini transfoma hiyo hiyo upande wa pili ina volti 230, na pampu inayozungusha maji ya bwawa nayo ina volti 230, na kikata umeme kile ndicho kinachotegemewa siku kihami, yaani kile kinachozuia umeme usivuje, kitakapoharibika. Hewa ya chumvi imekigandisha ndani, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akibonyeza kitufe.

Mwenye nyumba alikuja kuuliza. Akasema, “Fundi, wageni wanaogelea mchana, na taa ni ya usiku. Kwa nini unanifungia bwawa zima?” Nikamwambia, “Bibi, taa inaweza kungoja hata wiki tatu. Lakini kile kikata umeme kimekufa, na mimi siwezi kuruhusu watoto waingie majini hali nikijua hivyo.” Alinyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuweka kamba na kibao. Namshukuru, maana wageni waliokuwapo hawakufurahi.

Jumanne, 11 Machi

Kikata umeme kipya kimepatikana mjini, Darajani, na saa nane mchana kilikuwa kimefungwa. Kitufe kinakata mara moja. Nimekitia ndani ya kisanduku chenye mpira mlangoni, na nimebandika karatasi ukutani yenye safu za tarehe na sahihi, ili kitufe kibonyezwe kila mwezi. Bwawa limefunguliwa, taa zote mbili zikiwa zimezimwa na nyaya zake zimechomolewa kwenye transfoma.

Baada ya hapo nilipima. Transfoma ya taa mbovu ni nzima: kwa mega (kifaa cha kupimia ukinzani wa kihami) ya volti 500, kati ya upande wa 230 na upande wa 12 nilipata zaidi ya megaomu 200. Kisha nikapima kebo iendayo kwenye taa kwa volti 250, waya zote mbili zikiwa zimeunganishwa pamoja, dhidi ya waya wa ardhi ambao umeunganishwa na ngazi ya chuma ya bwawa. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa saketi ya volti ndogo kama hii ni megaomu 0.5. Nilipata 0.03. Kwa maneno mengine, waya zilikuwa zimelowa mahali fulani, na balbu iliyokatika ilikuwa ni mgonjwa tu, si maradhi.

Niliifuata kebo hadi kwenye kisanduku cha maungio. Kimefukiwa usawa wa vigae, sentimita 40 kutoka ukingoni, na mfuniko wake umepakwa grauti ili usionekane. Nilipoufungua nilikuta kimejaa maji hadi juu, na skrubu za kuungia zimegeuka kuwa unga wa kijani.

Jumatano, 12 Machi

Leo tulijaribu kuitoa taa, na kwa skrubu moja tu tumepoteza siku nzima.

Fremu ya taa hushikwa na skrubu ya juu, iliyo sentimita 38 hivi chini ya maji, ambayo mtu huifikia kwa kulala kifudifudi ukingoni na kuzamisha mkono hadi begani. Skrubu ni ya chuma kisichoshika kutu, lakini ni cha daraja la chini lisilofaa kwa maji ya chumvi, na imeingia kwenye tundu la shaba nyeupe. Imegandamana. Bisibisi ya kwanza ilikula kichwa, ya pili ikakimaliza.

Wazo la kawaida lingekuwa kupunguza maji hadi chini ya taa. Nilipiga hesabu: mita 8 kwa 4 kwa sentimita 65 ni karibu mita za ujazo 21, yaani zaidi ya maboza mawili ya lita 10,000. Hapa kijijini yako majumba yanayongoja maji ya bomba siku mbili, na maji haya ya bwawa, kwa kuwa yana chumvi, hayawezi kumwagwa kwenye mihogo ya jirani. Nimekataa kuyamwaga kwa ajili ya skrubu.

Ilibaki kuzamia. Mimi na msaidizi wangu tumefunga, na kufanya kazi kwa nguvu chini ya maji bila kumeza hata tone si jambo la kuahidiwa. Tumekubaliana kuendelea kesho baada ya futari na tarawehe.

Alhamisi, 13 Machi, usiku

Swichi ya chumba cha pampu ilifungwa kwa kufuli, na pampu yenyewe ikasimamishwa ili maji yatulie. Taa ya betri niliishika mimi nchi kavu, nikimulika kutoka juu, na msaidizi wangu akazama kwa miwani ya kuogelea.

Alitumia kipande cha jino la msumeno wa chuma, nusu yake ikizungushiwa tepu iwe mpini, akakipenyeza baina ya fremu na kichwa cha skrubu, akakata kidogo kidogo. Alizama mara kumi na saba. Niliandika kila mara kwa kuwa nilitaka apumzike, na yeye hakutaka. Kichwa kilipoanguka fremu ilitoka yenyewe, na kisiki cha skrubu kikabaki kimechomoza milimita kadhaa, hivyo koleo la kujifunga liliweza kukishika na kukizungusha taratibu hadi kikatoka. Tundu la shaba limesalimika. Kijana huyu anastahili sifa zote za usiku huu.

Taa inapotoka kikombeni hutakiwa kuwa na kebo ya ziada, mita 1.5 hivi, iliyozungushwa nyuma yake, ili iweze kupandishwa juu ya ukingo na kufanyiwa kazi nchi kavu. Hii ilikuwa na sentimita 40 tu. Nasi tulipoigeuza kutazama nyuma tuliona sababu, na tuliona pia kile nilichokuwa nikikitafuta tangu Jumatatu: kebo ilikuwa imekatwa na kuungwa upya ndani ya kikombe, chini ya maji, waya zimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu ya kawaida ya umeme.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeikata taa na kuichunguza mezani, kwa utulivu, baada ya sala ya Ijumaa. Nataka nieleze kwa kirefu nilichokiona, kwa sababu makosa ya namna hii hayaonekani ukitazama balbu peke yake.

Tepu ya umeme haizuii maji. Gundi yake hulegea baada ya wiki chache. Maji yakishafika kwenye waya uliochunwa hayasimami hapo. Waya wa kebo laini una nyuzi nyingi nyembamba za shaba, na katika mianya kati ya nyuzi hizo maji husafiri yenyewe, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Nilichuna kebo sentimita kumi kumi kutoka kwenye kiungo kuelekea taa, na shaba ilikuwa nyeusi njia nzima hadi mahali inapoingia ndani ya taa. Mpira wa mdomo wa taa ulikuwa mzima, laini, umekaa vizuri. Maji hayakupitia mlangoni, bali ndani ya waya, hata yakafika kwenye vishikizo vya balbu, yakavila, na balbu ikaanza kufifia kila vishikizo vilipopata joto. Waliobadilisha balbu mara mbili walibadilisha na mpira pia, kama inavyotakiwa, na bado ilikuwa kazi bure.

Simjui aliyeunga kebo ile. Huenda alikuta kebo fupi, usiku, wageni wanangojea. Lakini kiungo chini ya maji, mahali wanapoogelea watu, hakikubaliki kwa hali yoyote, hata kwa volti 12.

Kisanduku nacho kina makosa yake. Bomba la kupitishia kebo linaanzia ndani ya kikombe, na kwa hiyo limejaa maji hadi usawa wa maji ya bwawa; hiyo ni desturi ya maji, hujitafutia usawa. Kisanduku kikiwa chini ya usawa huo, au juu yake kwa vidole viwili tu, kitalowa: mvua ikinyesha maji yanapanda, watu wakiruka yanapanda. Maamuzi yangu ni haya: kebo moja isiyo na kiungo kutoka kwenye taa hadi kisandukuni, na kisanduku kihamishwe hadi kwenye ukuta mdogo wa bustani, mita 2.3 kutoka ukingoni, sentimita 40 juu ya vigae.

Jumatatu, 17 Machi

Uchaguzi wa taa. Sitarudisha balbu ya wati 300. Nimechagua taa ya LED ya wati 35, yenye kipimo kilekile cha PAR56 ili iingie kwenye fremu, ambayo ndani yake imejazwa utomvu mgumu na kebo yake ikazamishwa humo humo kiwandani. Haina mlango, haina mpira, na haina nafasi ya hewa ambamo maji yangeweza kukaa. Ubaya wake ni kwamba ikifa hutupwa nzima, na bei yake ni karibu mara tatu ya balbu.

Duka la kwanza la Kariakoo tulilolipigia simu lilikuwa nayo, ila kebo yake ni mita 2.5. Nilipima njia kwa kamba: sentimita 60 kupanda kutoka kikombeni, mita 2.3 chini ya vigae, sentimita 40 kupanda ukutani, na mita 1.5 za kuzungusha nyuma ya taa. Jumla ni mita 4.8. Muuzaji alishauri tuongeze kipande na kukifunga kwa kifuko cha utomvu, akisema kwamba wengi hufanya hivyo. Nilimshukuru na kukataa. Tumeagiza yenye kebo ya mita 6, itakayovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam wiki hii.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya masika imeanza mapema. Mfereji wa bomba jipya kutoka kisanduku cha zamani hadi ukutani umechimbwa nusu, ukajaa maji, ukaporomoka. Tumeufunika kwa turubai. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Mfereji umekwisha, bomba jipya la milimita 25 limelazwa na kuunganishwa na la zamani, likiwa na kona pana badala ya kona kali. Kisanduku cha zamani kimetolewa kabisa na shimo lake limezibwa. Taa imefika bandarini Malindi jana jioni, na leo asubuhi nimeipokea ikiwa salama.

Jumatatu, 24 Machi

Kupitisha kebo. Kipande cha zamani kilichobaki ndani ya bomba ndicho tulichokitumia kama kiongozi: tulifunga uzi wa nailoni kwenye ncha yake upande wa kikombe, tukakivuta kwa juu, uzi ukafuata. Kisha tukafunga kebo mpya kwenye uzi na kuivuta polepole, msaidizi wangu akiisukuma chini ya maji na mimi nikipokea. Ilikwama kwenye kona ya kwanza, ile ya zamani, yenye magamba ya chokaa. Hatukuivuta kwa nguvu, maana ganda la kebo likichubuka humo ndani tutakuwa tumejirudisha tulikotoka. Tuliirudisha nyuma, tukapaka sabuni ya maji, tukajaribu tena mara tatu, ikapita. Nilivuta ya kutosha, nikaikagua kwa vidole urefu wote uliopita kwenye kona: laini, bila alama.

Kazi hii nayo tuliifanya usiku, na tuliimaliza karibu na wakati wa daku.

Jumatano, 26 Machi

Kebo imeingia kisandukuni kupitia kibanio cha mpira, na mdomo wa bomba umezibwa kwa lakiri laini inayoweza kutolewa siku kebo itakapobadilishwa. Viungo viko juu, vikavu, mahali ambapo mtu anaweza kuvifikia kwa bisibisi bila kulowa. Mita 1.5 za ziada zimezungushwa nyuma ya taa, na fremu imefungwa kwa skrubu mpya ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, linalofaa kwa maji ya chumvi, iliyopakwa grisi isiyoyeyuka majini.

Nilipima kwa mega kabla ya kuunganisha transfoma. Kwa taa ya LED ni lazima waya zote mbili zishikanishwe na kupimwa pamoja dhidi ya ardhi. Ukipima waya kwa waya utaipitishia taa volti 250 na kuiua kabla haijawaka hata mara moja. Nilipata zaidi ya megaomu 100, mahali palepale ambapo wiki mbili zilizopita nilipata 0.03.

Kisha nikawasha. Mwanga ulikuja mara moja, mweupe, ukafika hadi ngazi za upande wa pili. Transfoma ilitoa volti 13.1, na kisandukuni nikapima 12.9. Kwa kulinganisha, niliiwasha taa ya kina kifupi kwa dakika chache, bwawani pakiwa hapana mtu, nikapima nayo: transfoma volti 12.3, kisandukuni 10.3. Kebo zao ni sawa, mita 14 za waya wa milimita za mraba 6, lakini balbu ya wati 300 huvuta karibu ampea 25, na karibu volti 2 hupotelea njiani kama joto, ilhali LED huvuta ampea 3 tu. Ndiyo maana taa ile ya kina kifupi imekuwa ya manjano miaka yote hii, na sisi tukadhani ndiyo rangi yake.

Mwenye nyumba alitoka na kusimama ukingoni. Alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama ile nyingine nayo itabadilishwa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeipima taa ya kina kifupi kwa mega leo asubuhi. Inawaka, haijawahi kulalamikiwa, na kisanduku chake nacho kimefukiwa chini ya vigae. Kipimo ni megaomu 0.4, chini ya kiwango. Nimeichomoa kwenye transfoma, nimefunga swichi yake kwa kufuli, na nimeagiza taa ya pili yenye kebo ya mita 6. Tutaifungua baada ya Idi.